Barua Iliyoanzia Chini

Daftari hilo bado ninalo. Lina jalada la buluu na kurasa 96, na kurasa 17 za kwanza zimejaa hadithi moja ambayo haikusonga. Kila ukurasa unaanza upya. Katika ukurasa wa kwanza mvua inanyesha Njiru. Katika wa pili jua linachoma Njiru. Wa tatu ni alfajiri, jogoo anawika na lori la mawe linapanda kutoka kwari likinguruma. Wa saba niliufungua kwa methali, wa nane kwa swali, wa kumi na moja kwa ndoto. Hakuna hata mmoja uliofika mstari wa mwisho.

Hayo yalikuwa mwaka wa 2012. Mhariri mmoja aliniomba hadithi fupi ya kuingia katika diwani aliyokuwa akiitayarisha, nami nikamwambia mwezi mmoja utanitosha. Mwezi wa tano ulipofika, nilikuwa nikiona namba yake inaita, naigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kungoja inyamaze.

Jambo la kuandika nilikuwa nalo. Nilitaka kuandika habari za baba mdogo, aliyechonga mawe katika kwari za Njiru, ukingoni mwa Nairobi, na ambaye nilikaa naye chumba kimoja tangu darasa la nne hadi la saba. Nilikumbuka kikohozi chake cha usiku. Nilikumbuka alivyokuwa akikung'uta vumbi la mawe kwenye suruali kabla ya kuingia ndani, mguu wa kulia kwanza, na vile vumbi hilo lilivyopenya hata kwenye unga. Nikikaa kuandika, yote hayo yanakuja mbio, yanafika mlangoni, yanasimama. Anayeandika anaijua hali hiyo: kalamu imegoma, na mwenyewe unaanza kuamini kwamba umekwisha.

Mchana nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ndogo ya msingi iliyojengwa kwa mabati, kando ya Barabara ya Kangundo. Darasa la nane lilikuwa na watoto 43, na wote tulikuwa tukiitazamia KCPE. Mtihani huo, ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, ulikuwa na karatasi ya insha ya dakika 40 kwa alama 40. Kila Jumanne waliandika insha, na kila Jumanne usiku nilisahihisha chumbani kwa kalamu nyekundu, daftari la buluu likiwa pembeni limefungwa.

Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za watoto wa Kenya atakuambia zinavyoanza. Ilikuwa siku ya Jumamosi. Nilirauka alfajiri na mapema. Nikaoga, nikapiga mswaki, nikavaa nguo zangu nadhifu, nikastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi, nikawaaga wazazi wangu. Mtoto ameambiwa aeleze ajali aliyoishuhudia barabarani. Dakika 25 zimekwisha na bado hajavuka kizingiti cha kwao. Ajali yenyewe inatokea katika mistari mitatu ya mwisho, mbio mbio, na majeruhi wanakimbizwa hospitalini kabla hatujajua walikuwa wangapi. Kwa muda mrefu nilidhani ni uvivu, au mazoea ya kukariri misamiati. Usiku mmoja nikaandika pembeni mwa insha ya namna hiyo, "Mbona hufiki?" na wino haujakauka nikatambua kwamba swali hilo lilikuwa langu. Mtoto huyu anazunguka nyumbani kwa kuwa hajui anakokwenda. Anaoga, anakunywa chai, anaaga, na ndani ya moyo anaomba kengele ilie.

Basi nikaanza kuangalia kwa makini. Maswali ya insha katika shule zetu yana sura zake, na kila Mkenya aliyepita darasani anazijua. Unaweza kupewa mwanzo, ukaambiwa uendeleze. Unaweza kupewa methali. Au unaweza kupewa tamati: andika insha itakayomalizika kwa maneno haya. Nilitoa swali la sura hiyo ya tatu wiki moja, kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe: "...nikaufunga mlango polepole, nikaurudisha ufunguo mahali pake."

Dirishani alikaa binti mmoja mkimya ambaye nilikuwa nimekata tamaa naye, na leo nasikia aibu kusema hivyo. Ukimpa mwanzo, baada ya dakika 40 alikuwa na mistari minne. Jumanne hiyo alijaza kurasa mbili, na mwandiko ukawa unabanana kuelekea chini ili vyote vienee. Nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwuliza imekuwaje leo.

"Mwalimu, nilijua lazima kuwe na mlango," akasema. "Halafu nikajiuliza ufunguo ni wa nani."

Nililirudia jibu hilo njia nzima ya kwenda nyumbani, nikipita kwenye matope meusi ya Njiru yanayonata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama karai la saruji. Mwanzo hauna swali ndani yake. Ukiambiwa "ilikuwa siku ya Jumamosi," kuna njia elfu mbele yako na zote ni sawa, na mtu mwenye njia elfu husimama. Lakini mtu anayefunga mlango polepole kisha akarudisha ufunguo asionekane ameugusa, huyo amefanya jambo. Alimwogopa nani? Alitoa nini humo ndani? Mwisho unauliza, nawe unarudi nyuma ukijibu, na kila jibu ni aya.

Siyo wote waliofaulu, na hili nalisema kwa sababu nimewahi kusikia walimu wakilifanya jambo hili dawa ya kila ugonjwa. Nusu ya darasa waliandika safari yao ya kawaida, mswaki na chai na mkate, kisha mwishoni wakayabandika maneno yangu kama stempu juu ya bahasha. Walijua sentensi ya mwisho itakavyosomeka. Hawakujiuliza imetoka wapi. Tangu hapo nikawa na desturi: kabla hawajaandika neno, kila mmoja aniandikie juu ya karatasi chakavu nani anasema au anafanya jambo lile la mwisho, na limemgharimu nini. Dakika tano nzima kati ya 40. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nawapotezea watoto muda.

Hakuna la kigeni katika kuanzia mwishoni kwa mtu aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili. Tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti, na ule wa nne, ukirudiwa kutoka ubeti hadi ubeti, tunauita kibwagizo. Mtunzi anayeanza bila kibwagizo mkononi atahangaika. Aliye nacho anajua kila ubeti unakwenda kutua wapi, na kina cha mwisho kinamvuta kama kamba ya mtumbwi. Mwaka wa 1846 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha makala akieleza alivyolitunga shairi lake la kunguru, The Raven. Alisema kazi zote za sanaa zapaswa kuanzia mwishoni. Alitafuta kibwagizo, neno moja tu, akilichagulia sauti ya o ndefu iliyofungwa kwa r, na ubeti wa kwanza aliouweka kwenye karatasi ukawa ule wa kilele, karibu na mwisho wa shairi. Wapo wanaodhani aliyapamba maelezo hayo baada ya kazi. Mimi nilipoyasoma nilihisi namsikiliza jirani. John Irving, huyu wa zama zetu, amesema mara nyingi kwamba huwa na sentensi ya mwisho ya riwaya kabla ya kuandika ya kwanza. Na hapa kwetu, Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka 1960, alitufungulia aina ya hadithi ambayo haiandikiki kwa kubahatisha: ya upelelezi, ambamo mwandishi sharti amjue mkosaji muda mrefu kabla msomaji hajaanza kumshuku yeyote.

Nakubali kwamba vipo vitabu visivyotii. Sidhani kwamba Nagona na Mzingile, alivyovitoa Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1990 na 1991, vingefaidika kwa kupangiwa tamati mapema. Vinazunguka kwa makusudi, na anayevisoma akitafuta mlango wa kutokea atavikosea heshima. Lakini mtu ambaye amekwama miezi mitano hana anasa ya kuzunguka.

Wakati huo nilikuwa na nakala ya Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, diwani waliyoihariri Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed na kuichapisha 2007. Nikawa nasoma aya ya mwisho ya kila hadithi kwanza, nakiweka kitabu kando, najaribu kukisia kilichotangulia, kisha narudi mwanzo kuona mwandishi aliitia mbegu yake wapi. Jioni moja nikasema yatosha. Nikafungua ukurasa wa 18 wa daftari la buluu, nikapiga mstari chini kabisa kwa rula, nikajiambia: andika hapa, hadithi ya baba mdogo inaishaje.

Niliketi mpaka stima ikapotea mtaa mzima. Sikuandika kitu. Siwezi kusema sikuujua mwisho. Niliujua tangu nikiwa na miaka 13, na sikuwa nimemwambia mtu.

Njiru ya leo ni ya maghorofa na maduka ya vifaa vya ujenzi, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 600,000 katika kaunti ndogo ya Njiru. Njiru niliyoijua mimi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ukingo wa jiji: nyasi, mbuzi, Mto Nairobi ukipita na harufu yake, na yale mashimo makubwa ambamo wanaume walishuka asubuhi na kupanda jioni weupe kwa vumbi. Udongo wa juu ni mweusi, kama jina la mahali lenyewe lilivyo kwa Kikuyu, na chini yake ndiko liliko jiwe la kijivu lililojenga sehemu kubwa ya Eastlands. Baba mdogo alikuwa mchongaji. Alipanga kabari kwenye mstari, akazigonga moja baada ya nyingine kwa zamu, bila haraka, akisikiliza. Sauti ikibadilika alijua jiwe limekubali. Hapo ndipo alipolichukua akalichonga pande zote mpaka likawa inchi tisa kwa tisa.

Kwetu ni karibu na Tala, kwenye barabara ile ile. Ukisimama Njiru stejini unaweza kuitazama ikienda: Ruai, Kamulu, Joska, Malaa, mpaka Tala na Kangundo. Mama mdogo alikuwa huko na watoto watatu na ng'ombe mmoja. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Kila mwisho wa mwezi baba mdogo alituma pesa na barua kwa mkono wa mtu wa kijijini, na barua hizo mwandishi wake nilikuwa mimi, kwa sababu yeye hakujua kusoma. Alisema kwa Kikamba. Mimi niliandika kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kuandika. Na huko Tala mtoto wa jirani alikirudisha kwa Kikamba mbele ya mama mdogo.

Mara ya kwanza nilipoketi na kalamu, nikaanza pale juu kama tulivyofundishwa shuleni, anwani na tarehe, akanishika mkono.

"Hapana. Anza chini."

Nikamtazama.

"Hapa," akasema, akaweka kidole gumba chake kwenye ncha ya chini ya karatasi. Kidole hicho kilikuwa na ukucha mweusi uliopondwa zamani na nyundo, na kikaacha alama ya vumbi. "Hapa weka jina langu. Juu ya jina weka pesa ni ngapi. Juu ya pesa weka ninakuja lini. Sasa ndiyo upande huko juu ukasalimie watu."

Sababu alinieleza baadaye. Kabla sijaja kukaa naye, alikuwa akiwalipa waandishi wa barua mjini. Mmoja wao, mtu wa Kiswahili kizuri, alijaza karatasi nzima kwa salamu: natumaini waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, na wazee wote, na watoto wote, na majirani wa kulia na wa kushoto. Alipofika mwisho, nafasi ilikuwa imekwisha. Akabana pembeni maneno mawili kwamba pesa zinakuja, siku hakuiandika. Mama mdogo alitembea hadi stejini Ijumaa mbili mfululizo na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo baba mdogo akaweka sheria: lililo la maana lipewe mahali pake kwanza, salamu zitaenea katika nafasi iliyobaki. Watunzi wa tenzi wa pwani nao huweka mwishoni yale yasiyoweza kukosekana, jina la mtunzi, tarehe, idadi ya beti, kama alivyofanya Mwana Kupona binti Msham katika utendi aliomtungia bintiye mwaka wa 1858. Baba mdogo hakuwa na habari zao. Alikuwa na karatasi moja tu, iliyong'olewa katikati ya daftari langu la hesabu.

Lakini kuna jambo la pili ambalo nililiona kwa miaka mitatu ya kuandika barua hizo bila kujua naliona. Salamu zilibadilika kufuatana na kilichokuwa chini. Ikiwa chini tumeandika "sitakuja mwezi huu," alisalimu kwa urefu, taratibu, akitaja kila mtoto kwa jina na kila mtoto na jambo lake: yule wa kikohozi, yule wa meno, yule anayeogopa giza. Ikiwa chini tumeandika "nitakuja Ijumaa," alisema maneno mawili na kucheka: "Nyingine nitazileta mwenyewe." Ikiwa pesa ni kidogo, alianza na mvua. Kwa kweli karibu kila mara alianza na mvua: je, huko imefika, imenyesha siku ngapi, mtama umesimama? Lakini pesa zikiwa kidogo, mvua ilichukua mistari mitano. Mwandishi wa barua wa mjini alikuwa na salamu aina moja kwa watu wote. Baba mdogo alikuwa na salamu zilizokwishajua zinaelekea wapi, na mama mdogo, akisikiliza mstari wa kwanza, alikuwa tayari ameanza kuvumilia au kufurahi.

Mwisho wa Aprili 1993, masika yakiwa yamekolea, tuliketi tukaandika. Alinituma chini ya karatasi kama kawaida. Jina. Shilingi 600. Kisha akanyamaza, akasema: "Weka: nitakuja Ijumaa, na nitakaa."

"Siku ngapi?"

"Nitakaa."

Nikaandika hivyo. Alikuwa amechoka na kwari, kifua kilikuwa kinamsumbua, na nafikiri alitaka kulima kipande chake kabla mvua haijaisha. Koroboi ikaanza kufifia, mafuta yamekwisha. Akasema salamu tutaziweka kesho. Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaiweka ndani ya kitabu cha Kiswahili.

Asubuhi ukuta wa kwari uliokuwa umelowa siku nyingi ulishuka. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Tulipanga kumfikisha kwao Ijumaa akapumzike, lakini karatasi za kumtoa mochari zikachelewa, tukafika Jumamosi.

Jioni baada ya mazishi, watu wakiwa wamepungua, mama mdogo aliniita jikoni. Alikuwa amesikia kutoka kwa mtu wa kwari kwamba barua ilikuwa inaandikwa. "Nisomee," akasema. "Nataka kuisikia kutoka kwako, siyo kwa mtoto wa jirani."

Nikaitoa. Juu palikuwa patupu. Mistari ya buluu ya daftari la hesabu, na chini yake maneno yale machache. Nilikuwa na miaka 13 na sikuweza kumwambia mjane kwamba mumewe hakumsalimu. Nikaishika karatasi imenielekea mimi, mgongo wake ukimtazama yeye, nikaanza kusoma kilichokuwa hakipo. Nilisoma kwa muda mrefu. Sijui nilisema nini. Najua tu kwamba nilikuwa nikiyaona yale maneno ya chini wakati wote, nitakuja Ijumaa, na nitakaa, na kwamba kila nililolitunga nililitunga lifike hapo bila kuanguka. Nilipofika nikayasoma yale ya kweli, nikamkabidhi karatasi, naye akaitia kifuani.

Kwa miaka 19 niliamini kwamba nilimdanganya mwanamke siku aliyomzika mumewe. Hilo ndilo lililokuwa limesimama mlangoni kila nilipofungua daftari la buluu. Nilikuwa nikileta mvua, jua, jogoo na lori la mawe, nikioga na kupiga mswaki kama watoto wa darasa la nane, kwa sababu nilijua barabara inapoishia na sikutaka kufika. Kukwama kwangu hakukuwa mwanzoni mwa hadithi, ingawa huko ndiko nilikokuwa nikikutafuta. Na nadhani wengi waliokwama, wakiacha kugeuzageuza sentensi ya kwanza na kujiuliza kwa ukweli kisa chao kinakwenda kuishia wapi, watakuta jambo ambalo limewatia hofu, au aibu, au huzuni ambayo hawajaipa jina.

Stima iliporudi usiku ule, niliandika juu ya ule mstari wa rula, chini kabisa ya ukurasa wa 18: kijana amesimama jikoni, anasoma karatasi tupu. Mkono ulitetemeka, lakini niliandika. Kisha nikapanda juu ya ukurasa. Sentensi ya kwanza ilikuja bila kuitwa, na haikuwa na hali ya hewa ndani yake. Ilikuwa kidole gumba chenye ukucha mweusi, juu ya ncha ya karatasi. Mara nikajua mengine ya kuacha. Kwari niliyotaka kuieleza kwa kurasa nne ikaingia katika aya moja, maana haikuwa na kazi kubwa zaidi ya hiyo. Mafuta ya koroboi, ambayo katika kurasa 17 sikuwa nimeyataja hata mara moja, yakawa jambo zito kuliko yote: sharti yapungue tangu mwanzo, kidogo kidogo, ili yaishe pale yalipoishia. Nilimaliza kwa siku sita, nikiandika baada ya kusahihisha.

Sikumpelekea mhariri mara moja. Kisa hakikuwa changu peke yangu. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu ya Tala na daftari kwenye mkoba.

Mama mdogo alikuwa amezeeka, macho yake bado makali. Aliniita mwalimu, akaniandalia chai, akanikalisha nje chini ya mwembe. Nikamsomea hadithi yote, nikiigeuza kwa Kikamba nikiwa naenda. Nilipofika jikoni, kwenye karatasi tupu, sauti ilinikauka na sikuweza kumtazama. Nikamaliza nikiwa nimeinama.

Akakaa kimya. Kisha akainuka, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara mbili, imekuwa ya njano kwenye mikunjo na laini kama kitambaa.

"Niliona siku ile," akasema. "Jua la jioni lilikuwa linaingia mlangoni nyuma yako. Karatasi ikang'aa. Sisomi, mwanangu, lakini naona. Juu palikuwa peupe."

Sikujua niseme nini. Mwisho niliouandika ukaanguka pale chini ya mwembe, na mpaka leo hadithi iliyochapishwa inaishia kwingine, kwa mlango wa jikoni na jua lililokuwa nyuma ya kijana. Lakini sikuwa nikifikiria hadithi wakati huo.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa unasoma vizuri."

Akaikunjua karatasi juu ya goti lake, akainyoosha kwa kiganja, akanipa. Alama ya vumbi la kidole gumba ilikuwa imefutika, au labda niliitazamia mahali pasipo pake. Maneno yalikuwapo, mwandiko wangu wa darasa la saba ukiegemea kulia: kwamba anakuja Ijumaa, kwamba atakaa, shilingi 600, jina.

"Zile salamu," akasema. "Nimezisahau. Nisomee tena."

Nami nilikuwa nimezisahau zote. Niliishika karatasi, nikaanza kuigeuza inielekee mimi kama siku ile, naye akanyoosha mkono akaizuia, ikabaki katikati yetu, upande mweupe ukitutazama sote wawili. Nikaanza na mvua.